Hapa Hapakuwa Pori

Mtaa wa wahunzi haukuamshwa na jogoo. Uliamshwa na nyundo.

Jua likichomoza, Mhunzi alikuwa ameshawasha makaa. Mkewe alikaa kwenye mvukuto. Alivuta na kusukuma, alivuta na kusukuma, mpaka makaa yakawa mekundu kama macho ya mlevi. Mhunzi alichukua kipande cha springi ya lori bovu, akakishika kwa koleo, akakiweka motoni. Kilipoiva, alikilaza juu ya fuawe na kukigonga. Kufikia mchana, springi ya lori ilikuwa imegeuka jembe.

"Lori limekufa, jembe limezaliwa," mkewe alisema kila siku.

Mhunzi alicheka kila siku, ingawa mzaha huo ulikuwa mkongwe kuliko ndoa yao.

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na kilima. Hakikuwa cha udongo wala cha miamba. Kilikuwa kilima cha vipande vyeusi, vizito, vyenye matundu. Ukikivunja kipande kimoja, ndani kiling'aa kama kioo. Watu waliviita mavi ya chuma. Watoto walipenda sana jina hilo. Walilitaja hata pasipo na sababu, kisha wakacheka mpaka wakakaa chini.

Ng'ambo ya barabara lilisimama boma. Lilikuwa jengo kuukuu la mawe, lenye kuta nene na madirisha membamba. Wageni ndio waliolijenga, wakati wakiitawala nchi. Baada ya uhuru likawa ofisi, kisha ghala, kisha nyumba ya popo. Sasa halmashauri ya mji ilikuwa inalitengeneza upya liwe makumbusho. Kila siku mafundi walipaka rangi na kupiga misumari.

Jioni moja binti wa Mhunzi alirudi kutoka shule akiwa na furaha. Alikuwa kidato cha pili, na hakuna aliyemshinda kusoma kwa sauti.

"Bibi, nimechaguliwa!" alisema. "Siku ya kufungua makumbusho, mimi ndiye nitakayesoma maneno ya kwenye jiwe. Mbele ya wakubwa wote!"

Bibi yake, mama mzazi wa Mhunzi, alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Mtaa mzima ulimwita Bibi Cheche. Ulimi wake uliruka kama moto unavyoruka kwenye chuma.

"Hongera, mke mwenzangu," alisema. "Jiwe gani hilo linalosomwa?"

"Jiwe litakalosimama mbele ya boma. Mwalimu ametupa maneno yake. Sikiliza." Binti alisimama wima, akasoma: "'Kabla ya wageni kujenga boma hili, hapa palikuwa pori tupu. Wenyeji hawakujua chuma wala ufundi. Hapa ndipo maendeleo yalipoanza.'"

Mikono ya Bibi Cheche ilisimama.

"Rudia."

Binti alirudia. Safari hii sauti yake haikuwa na furaha. Alikuwa ameyasikia maneno yenyewe.

"Hawakujua chuma," Bibi alisema polepole. "Na baba yangu je? Na baba yake? Walikuwa wanapika ugali kwenye yale matanuri yao ya kuyeyushia chuma?"

Mhunzi alitoka karakanani, akifuta jasho. "Kuna nini, mama?"

"Kuna kwamba mimi nimezaliwa porini," alisema Bibi Cheche. "Wewe mwana wa nyani, na huyu mjukuu wa nyani. Muulize mwanao, ameandikiwa."

Binti alikuwa na habari nyingine, na sasa aliogopa kuisema. Lakini aliisema. "Mwalimu anasema pia kilima chetu kitasawazishwa. Ndipo magari ya watalii yatakapoegeshwa."

Hakuna aliyekula vizuri jioni ile.

*

Kesho yake Mhunzi hakuwasha makaa. Alichukua sururu, akapanda kilimani, akaanza kuchimba. Alichimba kwa hasira, na hasira haijui kuchimba. Vipande vyeusi viliruka huku na huku. Mwishoni alipata alichokitafuta: bomba la udongo uliochomwa, nene kama mkono wa mtu, mdomo wake umefunikwa na chuma kilichoyeyuka na kuganda.

"Huu ndio ushahidi," alimwambia mkewe. "Mababu walipuliza hewa ndani ya tanuri kwa mabomba kama haya. Nitawapelekea walione kwa macho."

"Vaa shati safi basi," alisema mkewe. "Wasije wakaangalia shati badala ya bomba."

Alivaa shati safi. Aliliweka bomba ndani ya beseni na kwenda ofisi ya halmashauri.

Mwenyekiti wa halmashauri alikuwa mtu mchangamfu, mwenye kicheko kinachotangulia maneno. Alilitazama lile bomba. Akaligeuza.

"Zuri," alisema. "Limetoka wapi?"

"Kilimani kwetu."

"Nani alikuona ukilitoa?"

"Hakuna. Nilikuwa peke yangu."

"Lilikuwa limelala wapi? Juu? Chini? Ndani ya tanuri? Pembeni yake kulikuwa na nini?"

Mhunzi hakuwa ameangalia. Alilichomoa tu, kama mtu anayeng'oa muhogo.

"Ndugu yangu," alisema Mwenyekiti, "wewe ni mhunzi. Unaweza kutengeneza bomba kama hili leo asubuhi. Sisemi umelitengeneza. Nasema unaweza. Vitabu tulivyosoma sote vinasema hapa hapakuwa na kitu. Nikiambiwa nichague kati ya kitabu na beseni, unadhani nitachagua nini?"

Watu waliokuwa ofisini walicheka. Mhunzi alibeba beseni lake akatoka. Njiani bomba lilipasuka vipande viwili.

*

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwanamke aliyefanya kazi idara ya malikale, yaani idara inayotunza vitu na mahali pa kale. Popote alipopita aliinama kutazama vipande vya vyungu vilivyovunjika, kwa hiyo watu walimwita Bi Vigae. Alikuwa safarini kikazi kwa wiki kadhaa. Aliporudi, kabla hajatua mzigo, Bibi Cheche alimwita.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Pita ndani, mwanangu. Njoo uone tulivyotukanwa, na tulivyojibu vibaya."

Walimsimulia yote. Bi Vigae alisikiliza akitikisa kichwa. Lakini aliposikia habari ya sururu, alijishika shavu.

"Shemeji! Umechimba?"

"Nimechimba," alisema Mhunzi. "Ningefanya nini? Ningekaa nisubiri kuitwa mjinga?"

"Hukukosea kukasirika. Umekosea kuchimba. Ngoja nikueleze." Bi Vigae alionyesha mafiga matatu uani, penye majivu ya asubuhi. "Hapo unaona nini?"

"Jiko."

"Umejuaje kuwa ni jiko?"

"Mawe matatu, majivu katikati, masizi."

"Sasa chukua jiwe moja, ulipeleke sokoni, umwonyeshe mtu. Ataona nini?"

"Jiwe."

"Jiwe tu. Kitu cha kale kinasema kikiwa mahali pake, pamoja na vile vilivyokaa nacho. Ukikitoa bila utaratibu umekikata ulimi. Ndiyo maana nchi nyingi zina sheria ya kulinda mahali pa kale. Ukikuta kitu, usikichimbe, usikihamishe, usikiuze. Kiache. Kipige picha hapo hapo kilipo. Kisha waite wanaohusika, waje wachimbe kwa mpango, mbele ya mashahidi."

"Na wasipokuja?" aliuliza mke wa Mhunzi.

"Unawafuata tena. Na tena. Mpaka wakukimbie au wakusikilize."

"Hilo naliweza," alisema Bibi Cheche.

Binti aliuliza swali lililomkera tangu siku ile. "Lakini kwa nini vitabu viliandika hapakuwa na kitu, kama kulikuwa na kitu?"

Bi Vigae alivuta kigoda. "Ukitaka kuchukua nyumba ya mtu, unasema nini? Unasema nyumba haina mwenyewe. Watawala wa kigeni walichukua ardhi, wakawatoza watu kodi, wakawalazimisha kufanya kazi. Wasingeweza kusema, 'Tumewakuta watu wenye mashamba, wenye biashara na wenye mafundi, tukawapora.' Wakasema, 'Tumekuta pori.' Pori haliporwi."

"Lakini wameondoka zamani," alisema Binti.

"Wameondoka. Maneno yao hayakuondoka. Tulipopata uhuru tulibadilisha bendera. Tulibadilisha na waliokaa kwenye viti. Vitabu vingine vilisahihishwa, vingine vilinakiliwa tu. Hata Mwenyekiti alifundishwa hivyo, na mwalimu wako pia. Mimi mwenyewe niliyaimba darasani."

"Basi nitakataa kusoma," alisema Binti.

"Subiri," alisema Bi Vigae. "Kukataa ni mwanzo. Lakini ukikataa uongo, lazima uwe na ukweli mkononi. Tuukusanye kwanza."

*

Walianza na Bibi Cheche mwenyewe. Bi Vigae aliweka simu mezani ili irekodi sauti. Aliomba ruhusa kwanza. "Usimlazimishe mtu, wala usimtilie maneno kinywani," alimwambia Binti. "Uliza, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu."

Bibi Cheche alisimulia. Wanaume walikusanya mawe yenye chuma mtoni. Wanawake walifinyanga mabomba na kubeba makaa. Tanuri la udongo lilijengwa refu kuliko mtu. Mawe na makaa vilipangwa ndani, na mivukuto ikapulizwa kutwa nzima kwa kupokezana. Uchafu wa mawe uliyeyuka ukatiririka nje na kuganda. Hayo ndiyo mavi ya chuma. Chuma chenyewe kilibaki ndani. Watu walikuja kutoka mbali kubadilisha nafaka na chumvi kwa majembe.

"Mlifua nini zaidi ya majembe?" aliuliza Bi Vigae.

"Visu. Mashoka. Mikuki."

"Na minyororo?"

Mhunzi alitaka kusema kitu, mkewe akamgusa goti.

"Na minyororo," alisema Bibi Cheche. "Bibi yangu aliniambia. Kabla ya wenye boma, ilipita misafara ya wanunuzi wa watu. Baadhi ya wahunzi waliwafulia minyororo. Babu mmoja alikataa, akahama. Mwingine alikubali, akatajirika. Sisi ni kizazi cha yupi, sijui."

"Mama, hilo si la kuandika," alisema Mhunzi.

"Kwa nini? Wao wakificha yao ni waongo, sisi tukificha yetu tutaitwaje? Andika, mwanangu."

Kisha alisimulia habari ya wenye boma. Waliwaleta wafanyabiashara wa majembe kutoka kwao. Majembe yale hayakununuliwa, kwa sababu majembe ya wahunzi yalikuwa imara zaidi. Likatoka tangazo: kuyeyusha chuma ni marufuku. Nyapara wa boma, mtu wa hapo hapo, aliyeitwa Filimbi kwa kuwa alipuliza filimbi kuwaita watu kazini, alitumwa pamoja na vijana wenye magogo. Walivunja matanuri yote siku moja. Wahunzi walipelekwa kubeba mawe ya kujengea. Baba yake Bibi Cheche aliangukiwa na jiwe la ukuta wa boma. Hakuinuka.

"Nilikuwa mdogo," alisema. "Nakumbuka vumbi. Nakumbuka filimbi. Matanuri yalisimama wapi hasa, sikumbuki. Kilima ni kikubwa."

Bi Vigae alifikiri. "Nani mwingine anaweza kukumbuka?"

"Wamekufa."

"Filimbi aliacha mtoto?"

Uso wa Bibi Cheche ulifungwa kama mlango. "Yupo. Fundi Saa, pale sokoni. Na sitaki kumsikia."

"Bibi," alisema Bi Vigae, "habari iliyotoka nyumba moja ni habari. Ikitoka nyumba mbili zisizopendana, zikasema kitu kimoja, huo ni ushahidi. Twende tukamuulize."

"Nendeni nyinyi."

Lakini kesho yake Bibi Cheche alivaa kanga yake nzuri, akamshika Binti mkono, akaenda sokoni mwenyewe.

*

Kibanda cha Fundi Saa kilikuwa chembamba kama kabati. Saa za ukutani zilijaa kila mahali, na kila moja ilisema wakati wake. Fundi mwenyewe alikuwa mzee mwembamba. Kioo kidogo cha kukuzia kilikuwa kimebanwa kwenye jicho lake.

"Hodi," alisema Bibi Cheche.

"Karibu." Aliinua uso, akamtambua, akakitoa kile kioo. Maisha yao yote walipishana njiani bila salamu. "Saa imeharibika?"

"Sina saa."

"Basi umekuja kunitukana. Kaa. Kutukana ukiwa umesimama kunachosha."

Bibi Cheche hakukaa. "Baba yako alivunja matanuri ya baba yangu."

"Alivunja."

Bibi alikuwa amekuja tayari kwa ubishi. Neno lile moja lilimwacha mikono mitupu. Alikaa.

"Na mimi," alisema Fundi Saa, "mpaka leo ni mtoto wa Filimbi. Shuleni hakuna aliyecheza nami. Nilipotaka kuoa, nyumba za mtaa wenu zilifunga milango. Sikuvunja tanuri hata moja, Bibi Cheche. Nilikuwa bado nanyonya."

"Kuna watu wanasema hapakuwa na matanuri," alisema Bibi. "Wanasema hapa palikuwa pori."

Fundi Saa aliweka bisibisi chini.

"Pori?" alisema. "Sasa baba yangu alivunja nini?"

Walitazamana. Binti alikumbuka kunyamaza.

"Aliniambia kabla hajafa," Fundi Saa aliendelea. "Alinipeleka kilimani, akanionyesha. 'Hapa, na hapa, na pale penye mteremko.' Alisema hawakuchimbua chini. Walisukuma kuta zikaanguka, wakazifukia kwa mavi ya chuma. Alisema wangekataa, wangechapwa viboko, na wengine wangetumwa. Sijui kama hiyo ni sababu au kisingizio. Mimi si hakimu. Lakini mahali napajua."

"Utapaonyesha mbele ya watu?"

"Mbele ya watu watakaosema, 'Mwoneni mtoto wa Filimbi'?"

"Ndiyo. Mbele ya hao hao."

Fundi Saa alichukua kofia yake.

*

Bi Vigae alikuwa ameshapeleka taarifa idarani kwao, pamoja na picha na sauti. Idara ilijibu kwamba wataalamu watakuja. Lakini tingatinga lilifika kabla yao.

Lilipanda barabara likinguruma asubuhi, wakati nyundo zinaanza. Nyundo zikanyamaza, moja baada ya nyingine. Bibi Cheche alitoka na kigoda chake. Alivuka ua na kukiweka mguuni mwa kilima, mbele ya sepetu la chuma la mashine. Akakaa. Mke wa Mhunzi alikaa pembeni yake. Wakaja majirani, wanawake kwa wanaume, wengine na watoto mgongoni.

Dereva alichungulia juu. "Bibi, ondoka tafadhali. Mimi sina ugomvi na wewe. Nimetumwa."

"Hata waliovunja matanuri walitumwa," alisema Bibi Cheche. "Kila ubaya una mtu aliyetumwa. Zima mashine, mwanangu. Makelele yanakuzuia kufikiri."

Dereva alimtazama. Alimtazama mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Akazima.

Mwenyekiti alifika kwa gari, na safari hii kicheko hakikutangulia. "Mnazuia maendeleo!" alisema. "Mnataka tubaki nyuma?"

"Hatuzuii maendeleo," alisema Mhunzi. Alikuwa na nyundo mkononi, akaiweka chini kwanza ili asieleweke vibaya. "Uliniuliza maswali, Mwenyekiti. Lilikuwa wapi, nani aliona. Yalikuwa maswali mazuri. Nimekuja kuyajibu. Taarifa iko idara ya malikale. Hakuna anayeruhusiwa kugusa hapa mpaka waje. Wapigie simu, hatuna haraka."

"Na ukitaka kupita," aliongeza Bibi Cheche, "pita juu yangu. Utasomeka vizuri kwenye jiwe lako."

Mwenyekiti alienda pembeni akapiga simu. Walimwona akisema, kisha akisikiliza, kisha akisikiliza zaidi. Aliporudi alimwambia dereva arudishe mashine. Hakumwangalia mtu usoni. Watu walipiga vigelegele, lakini Bibi Cheche aliwanyamazisha kwa mkono.

"Bado," alisema. "Hatujashinda. Tumekataa tu."

*

Wataalamu walikuja na kamba, brashi na sepetu ndogo. Mtaa wote ulisimama kutazama. Fundi Saa alitembea kilimani taratibu, kofia mkononi. Mtu mmoja alinong'ona, "Mwoneni mtoto wa Filimbi." Bibi Cheche aligeuka na kumtazama mtu huyo mpaka akaona haya.

"Hapa," alisema Fundi Saa.

Walichimba hapo, tabaka kwa tabaka. Kila kitu kilipimwa na kupigwa picha kabla ya kuguswa. Siku kadhaa hawakupata chochote. Kwa mara ya kwanza Mhunzi alianza kuogopa kwamba pengine Mwenyekiti alisema kweli. Kisha brashi ya mtaalamu mmoja ikagusa ukuta mwekundu wa udongo uliochomwa. Ukuta ulizunguka kama mdomo wa chungu. Ndani yake kulikuwa na makaa, na mabomba mawili yakiwa yamelala mahali pake, yakielekea katikati. Chini ya tanuri hilo kulikuwa na lingine. Chini ya hilo, lingine tena.

Bibi Cheche aliomba kushuka shimoni. Walimshika mikono. Hakugusa kitu. Alisimama tu, akivuta pumzi, kana kwamba anasikia harufu ya moto.

Makaa yalipelekwa maabara. Mti ukishakufa, ndani yake huanza kupungua kitu polepole, na wataalamu wakikipima wanaweza kukisia umri wa makaa yake. Majibu yalirudi baada ya miezi. Tanuri la chini kabisa lilikuwa na umri wa karne nyingi. Lilikuwa limezimika zamani sana kabla mgeni yeyote hajalibeba jiwe la kwanza la boma, au tuseme, kabla hajamlazimisha mtu alibebe.

*

Halmashauri iliita mkutano. Mpango wa kuegesha magari ulihamishiwa upande wa pili wa boma. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa kwenye jiwe.

"Tuandike hivi," alisema Mwenyekiti. "'Hapa waliishi watu wenye ufundi kidogo.'"

"Kidogo?" Bibi Cheche aliinuka. "Wewe umeshawahi kuyeyusha jiwe?"

"Sawa, tufute 'kidogo'. Lakini haya ya viboko na kazi za lazima tuyaache. Watalii wengine wanatoka huko huko walikotoka wakoloni. Wataona aibu."

"Aibu yao waibebe wenyewe," alisema Bibi. "Sisi tumebeba mawe yao."

Watu walicheka na kupiga makofi. Kisha Mhunzi alisimama, na sauti yake ilikuwa nzito. "Na minyororo iandikwe. Nilitaka ifichwe. Mama yangu amenifundisha. Atakayetutukana kwa jambo hilo atakuta tumeshalisema."

Waliandika, wakafuta, wakaandika tena. Siku ya ufunguzi Binti alisimama mbele ya wakubwa, walimu na watu wa mitaa yote. Mwalimu wake, aliyempa yale maneno ya kwanza, alimnong'oneza, "Soma kwa nguvu. Mimi sikupata nafasi hii." Binti alisoma:

"'Hapa watu waliyeyusha chuma kwa karne nyingi. Majembe yao yalilisha nchi. Wakati wa biashara ya utumwa, baadhi yao walifua minyororo, na baadhi walikataa. Watawala wa kigeni walipiga marufuku matanuri na kuyavunja kwa mikono ya wenyeji waliotumwa. Boma hili lilijengwa kwa kazi ya kulazimishwa. Wajukuu wa waliolijenga bado wanafua chuma ng'ambo ya barabara. Hapa hapakuwa pori.'"

Hakuna aliyepiga makofi mara moja. Fundi Saa alilia, na Bibi Cheche akamsogezea pembe ya kanga yake.

Tangu siku ile shule nyingi huleta wanafunzi. Mhunzi huwaonyesha namna chuma kinavyofuliwa, na Binti huwapeleka kwenye shimo lililozungushiwa ua. Mke wa Mhunzi huwaambia mzaha wake wa lori, na wao huucheka kwa sababu ni mara yao ya kwanza.

Kisha ikatokea mchana mmoja. Watu kadhaa wasiojulikana mtaani walisimama mlangoni. Walikuwa wazee na vijana, viatu vyao vimejaa vumbi. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke mrefu aliyeuza matunda kwenye njia kuu.

"Tunamtafuta Bibi Cheche," alisema. "Ile barabara kuu inayokwenda bandarini ina jina la bwana mmoja mkoloni. Kibao kinasema yeye ndiye aliyeijenga. Sisi babu zetu waliichimba kwa majembe na mikono mitupu. Wengine wamezikwa chini yake. Tunajua mahali. Hatujui tu pa kuanzia."

Bibi Cheche alisogea kwenye benchi akawapa nafasi.

"Msichimbe kitu," alisema. "Mjukuu wangu, lete simu. Haya, kaeni. Nani kati yenu anakumbuka zaidi?"